Kutafuta na kujiunga na darasa la aerobiki ya majini: nianzie wapi, na nitazame nini kabla ya kulipa?

Goti Bovu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Daktari amenishauri nipumzike kukimbia kwa sababu ya magoti, na badala yake nitafute darasa la aerobiki ya majini, yaani yale mazoezi ya viungo yanayofanywa watu wakiwa wamesimama bwawani, mara nyingi kwa muziki na kwa uongozi wa mkufunzi. Nimeuliza huku na kule na kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ameniambia kwamba asiyejua kuogelea asijisumbue, mwingine kwamba huo ni mchezo wa wazee wa kurushiana maji, na wa tatu ameniuliza ni zoezi gani la bwawani ambalo siwezi kulifanya sebuleni bila kulowa. Mimi siogelei, nimevuka umri wa miaka 50, na mwili umeongezeka tangu nilipoacha kukimbia. Naomba wenye uzoefu wanieleze darasa la namna hii hutafutwa wapi, mtu hulipimaje kabla ya kujiunga, na siku ya kwanza huwa inakwendaje.

Mkufunzi Mstaafu

Ndugu Goti Bovu, karibu sana. Nimefundisha mazoezi haya kwa miaka mingi, kwa hiyo utaniwia radhi nikijibu kwa kirefu.

Tuanze na hofu ya kuogelea. Madarasa haya yako ya aina mbili, na aliyekukatisha tamaa huenda anaijua moja tu. Aina ya kwanza hufanyika kwenye kina kifupi, maji yakiwa kati ya kiuno na kifua, na miguu hukanyaga sakafu ya bwawa karibu muda wote. Humo asiyejua kuogelea hufanya kila linalofanywa na wengine, na kichwa chake hakihitaji kuingia majini hata mara moja. Aina ya pili hufanyika kwenye kina kirefu, mara nyingi kinachozidi mita 2, ambako mtu hufunga mkanda wa kuelea kiunoni na kukimbia bila kugusa chini. Hiyo ya pili haina kishindo chochote kwa magoti, lakini inamfaa mtu aliyekwisha kuzoea maji, ambaye mkanda ukilegea hatatapatapa. Wewe anza na ya kwanza, na unapopiga simu kuuliza, litaje jambo hili wazi, kwa sababu matangazo mengi huandika tu "mazoezi ya majini" bila kusema ni kina gani.

Sasa nimjibu yule wa sebuleni. Maji hubeba sehemu ya uzito wako kadiri unavyozama. Yakikufika kiunoni, miguu inabaki na takriban nusu ya uzito wa mwili. Yakifika kifuani, inabaki na kama theluthi. Yakifika shingoni, inabaki na kama sehemu moja ya kumi. Mtu wa kilo 90 aliyesimama kwenye maji ya kifua anakanyaga kana kwamba ana kilo 30 hivi. Wakati huohuo maji yana uzito unaozidi ule wa hewa kwa takriban mara 800, na ukinzani wake hupanda kwa mraba wa kasi: ukisogeza mkono kwa kasi maradufu, maji yanakupinga mara nne. Maungio yanapumzishwa huku misuli ikifanyishwa kazi, na sebuleni huwezi kuyapata mawili hayo kwa pamoja. Ndiyo sababu pia mgeni na mzoefu wanaweza kusimama bega kwa bega wakifanya mwendo uleule, kila mmoja akijipimia ugumu wake kwa kasi na kwa namna anavyogeuza kiganja, kwani kiganja kikipita kwa ubavu hukata maji kama kisu, na kikigeuzwa bapa huyasukuma yote.

Kuhusu mahali pa kutafuta, wengi huishia kwenye kumbi za mazoezi zenye bwawa. Ongeza mabwawa ya halmashauri ya mji, vyuo vikuu, shule zinazokodisha bwawa lao jioni, vilabu vya kuogelea, hoteli zinazopokea watu wa nje, na vitengo vya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) vya hospitali, ambavyo hata visipokuwa na darasa la watu wote huwa vinajua nani anafundisha vizuri. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekwisha kuliona goti lako ni mtu wa kumuuliza mapema kuliko mtandao.

Lakini neno ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usilipe kabla hujakaa kando ya bwawa ukatazama kipindi kizima, tangu watu wanapoingia majini hadi wa mwisho anapotoka. Ratiba haisemi kitu na picha za ukutani husema uongo wa heshima. Mahali panapokataa kabisa mgeni kutazama, hata kwa miadi, mimi nisingepeleka goti langu.

Ukishakaa, usitazame muziki wala tabasamu, tazama visigino. Katika darasa zuri la kina kifupi, mtu anaporuka na kutua, kisigino chake hushuka hadi kwenye sakafu. Ukiona nusu ya darasa imesimama kwa ncha za vidole kipindi chote, basi ama kina ni kirefu kuliko vimo vyao, ama mkufunzi anapiga mwendo wa kasi ambayo maji hayairuhusu, na usiku watu hao watakazwa na misuli ya mashavu ya miguu. Kisha mtazame mkufunzi. Mara nyingi husimama nje, kandokando ya bwawa, na hilo si uvivu: akiwa nje anawaona wote na wote wanaiona miguu yake. Kosa la wale wasiosomea kazi hii ni kuonyesha mwendo kwa kasi ya nchi kavu, hewani, ambapo hakuna kinachompinga, huku wanafunzi wakihangaika kumfuata ndani ya kitu kizito. Aliyesomea huupunguza mwendo wake kusudi, hata akiwa juu ya sakafu kavu, ili kila hatua yake iwe na muda ambao mguu wa majini unaweza kuutimiza. Msikilize pia kama anatoa njia mbadala: "mwenye goti asiruke, anyanyue mguu tu." Ukisikia sentensi ya namna hiyo mara kwa mara, na tena akiisema huku akimtazama mtu fulani, umepata mwalimu.

La mwisho kwa sasa: awepo mwokoaji ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Mkufunzi anayeongoza watu 20 hawezi kuwa mwokoaji wakati huohuo, hata kama amehitimu mafunzo yote mawili.

Mama Wa Mstari Wa Mbele

Nashukuru kwa maelezo hayo, Mwalimu, ila naona jambo la baridi limerukwa, na kwa sisi wenye baridi yabisi hilo ndilo linaloamua mtu atarudi au hatarudi. Nilijiunga na darasa moja ambalo mkufunzi wake hakuwa na dosari, lakini bwawa lilikuwa lile la waogeleaji wa mashindano, na ilipofika nusu ya kipindi vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa kuliko nilivyoingia. Mtu aulize nyuzi ngapi?

Mkufunzi Mstaafu

Mama, umenisaidia, na wala si jambo dogo. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayozidi ile ya hewa kwa takriban mara 25, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 2 ambayo chumbani usingeihisi, bwawani inakufukuza. Mabwawa ya mashindano huwekwa kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi, na hilo ni sawa kwa anayeogelea bila kusimama. Darasa la kawaida la aerobiki linapendeza kwenye nyuzi 28 hadi 30. Wenye baridi yabisi wanaofanya mazoezi ya polepole hufaidika na maji yanayokaribia nyuzi 31. Mabwawa ya tiba hufika nyuzi 33 hadi 35, na hapo ninaonya kinyume chake: hayo ni ya kunyoosha viungo taratibu, na darasa la kurukaruka likifanywa humo watu huzidiwa na joto bila kujua, maana jasho linaondoka na maji na hakuna anayeliona.

Kwa hiyo uliza nyuzi, kisha uliza kipindi kinaanza vipi. Katika maji ya nyuzi 27 au 28, mkufunzi anayewasimamisha watu wakinyoosha misuli kwa utulivu dakika 5 za mwanzo anawapoza. Anapaswa kuwatembeza kwanza.

Mkimbiaji Wa Zamani

Ndugu zangu, naomba kutofautiana nanyi kwa adabu. Mimi nilijaribu darasa hili nilipoumia kisigino, nikiwa na saa ya kupima mapigo ya moyo, na mapigo hayakupanda hata mara moja kufikia kiwango ninachokipata nikikimbia polepole barabarani. Nilitoka nimefurahi, lakini sidhani kwamba nilifanya mazoezi. Naogopa kwamba Goti Bovu atapoteza miezi akiamini anajenga moyo, kumbe anaoga.

Mkufunzi Mstaafu

Ndugu Mkimbiaji, saa yako haikudanganya. Ila kipimo cha barabarani hakihamishiki bwawani kama kilivyo. Maji ya kifua huubana mwili kwa shinikizo linalosukuma damu kutoka miguuni kurudi moyoni, hivyo kila pigo la moyo husukuma damu nyingi zaidi, na mapigo hupungua. Kwa watu wengi, juhudi ileile hutoa mapigo 10 hadi 15 pungufu kwa dakika kuliko nchi kavu, ingawa tofauti hiyo hubadilika kati ya mtu na mtu, kwa kina na kwa joto la maji. Kwa sababu hiyo sisi hutumia kipimo cha kujihisi, kutoka 0 (umepumzika) hadi 10 (huwezi kuongeza tena), au kipimo cha maneno: ukiweza kuzungumza sentensi lakini huwezi kuimba, uko kwenye juhudi ya wastani, ukiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia kwenye juhudi kali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za juhudi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, na halikusema lazima zifanyiwe barabarani.

Hata hivyo nakuunga mkono katika mambo mawili. Kwanza, yapo madarasa ambayo kweli ni kuoga kwa muziki, ndiyo maana nimesema watu wakatazame kwanza. Ukiona washiriki wanaweza kusimulia habari ndefu za nyumbani kipindi kizima bila kukatika pumzi, darasa hilo ni la urafiki, jambo lisilo baya, lakini si alilotumwa na daktari. Pili, kile kile kinachoyaokoa magoti huinyima mifupa mzigo. Mifupa hukaa imara kwa kubebeshwa uzito, na mtu anayefanya mazoezi majini peke yake anapaswa kuongeza kutembea na kazi kidogo ya nguvu nchi kavu, kwa kadiri maungio yake yanavyoruhusu.

Nawe, ukiumia tena, jaribu kukimbia kwenye kina kirefu kwa mkanda, mwili ukiwa wima na goti likipanda mbele. Wakimbiaji wengi wa mashindano hulinda pumzi yao kwa njia hiyo wakiwa majeruhi.

Dada Wa Pembeni

Naomba niulize ambalo wengine huenda wanaona haya kuuliza. Mavazi yanakuwaje? Sipendi kuvaa nguo ya kuogelea ya wazi mbele ya watu, na mwili wangu ni mkubwa. Je, nitaruhusiwa kuingia na fulana na suruali ya mazoezi? Na je, yapo madarasa ya wanawake peke yao?

Mama Wa Mstari Wa Mbele

Dada, hili niachie mimi. Pamba usiivae: inanyonya maji, inakuwa nzito, inapanda juu unapopanda na inakuganda mwilini unapotoka, na mabwawa mengi hukataa fulana za pamba kwa sababu nyuzi zake huenda kwenye vichujio. Tafuta nguo ya kuogelea ya kufunika mwili, yenye mikono mirefu na suruali, iliyotengenezwa kwa poliesta. Hiyo hukubalika mabwawa mengi, haikai na maji, na huvumilia klorini kuliko kitambaa cha kuvutika sana ambacho baada ya miezi michache huwa kimelegea. Wenye hijabu wana za kwao zenye kofia iliyoshonewa humo humo. Uliza masharti ya bwawa kabla hujanunua.

Ukivaa viatu vya majini vyenye soli ya mpira, utanishukuru. Sakafu ya bwawa ni ngumu kwa nyayo, na kutoka chumba cha kubadilishia nguo hadi kwenye ngazi ndipo watu wanapoteleza, si ndani ya maji.

Vipindi vya wanawake peke yao vipo sehemu nyingi, ila havitangazwi sana; uliza pia kama mwokoaji wa muda huo ni mwanamke na kama madirisha yanafunikwa, kwa maana mahali pengine "wanawake peke yao" huwa na maana ya waogeleaji tu. Kuhusu mwili mkubwa, majini una faida: unaelea vizuri zaidi, na sehemu kubwa ya mwili wa kila mtu inafichwa na maji. Dakika za shida ni zile za kutoka chumbani hadi kwenye maji. Beba taulo kubwa au khanga, iache kwenye kiti kilicho karibu na ngazi, mambo yataisha hapo.

Mgeni Wa Jukwaa

Mimi nina shinikizo la damu linalotibiwa kwa dawa, na mke wangu ni mjamzito wa miezi 5. Tungependa kujiunga pamoja. Kuna hatari?

Mkufunzi Mstaafu

Ndugu, hapa mkufunzi hawezi kuchukua nafasi ya daktari, na darasa lolote la maana litawapa fomu ya maswali ya afya kabla ya kuingia majini. Ijazeni kwa ukweli. Wapo wanaoficha ugonjwa kwa kuogopa kukataliwa, na matokeo yake mkufunzi anawapa mwendo usiowafaa.

Kwa ujumla, shinikizo la damu lililodhibitiwa halimzuii mtu, lakini lisilodhibitiwa linamzuia mpaka daktari aseme. Baadhi ya dawa hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo kipimo cha kujihisi ndicho chako. Wajawazito wengi hupata nafuu kubwa majini kwa sababu tumbo hubebwa, mradi mkunga au daktari ameridhia na maji yasizidi nyuzi 32 kwa mazoezi. Mke wako aepuke miruko na kujipinda kwa ghafla. Wanaopaswa kubaki nje mpaka waruhusiwe ni wenye kidonda kilicho wazi, homa, maambukizi ya ngozi, kifafa kisichodhibitiwa, maumivu ya kifua yasiyotabirika, na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla na baada, na aweke kitu cha sukari kandokando ya bwawa ambapo mkufunzi anakijua.

Na aliyeharisha asije. Kipo kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho huishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini ya kutosha, na aliyethibitika kukipata anatakiwa kukaa nje ya bwawa kwa wiki 2 baada ya kuharisha kukoma.

Dada Wa Pembeni

Nashukuru, mama. Na lile bwawa linalonuka klorini mpaka macho yanawasha, si ndilo safi zaidi?

Mkufunzi Mstaafu

Kinyume chake, dada yangu. Harufu ile kali hutoka kwa klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, inatakiwa isipungue miligramu 1 kwa lita, na kipimo cha asidi (pH) kikae kati ya 7.0 na 7.8, na mabwawa mengi huandika namba hizo ubaoni kila siku. Zisome. Kama hakuna ubao, waulize. Jibu la "maji yetu ni safi, usijali" si namba. Na kila mtu aoge kwa maji ya bomba kabla ya kuingia, kwani dakika moja ya kuoga huondoa sehemu kubwa ya uchafu ambao klorini ingepoteza nguvu kwa kupambana nao.

Goti Bovu (mleta mada)

Wakuu, nimefuata ushauri, nikaenda kutazama. Darasa la jioni lilikuwa na vijana wengi na muziki mkubwa kiasi kwamba mkufunzi alikuwa akipaza sauti na hakuna aliyemsikia. Kila mtu alimwigiza jirani yake, na wafupi waliokuwa upande wa kina walikuwa wakidunda kwa vidole vya miguu, kama mlivyosema. Darasa la asubuhi ni la watu wazima, mkufunzi ni mama wa makamo anayezungumza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, na kabla ya kuanza aliwapanga upya kwa vimo vyao. Nimelichagua hilo. Bwawa lina nyuzi 29, na lina ngazi pana za kushukia pamoja na reli. Nielezeni siku ya kwanza, na mnieleze pia kuhusu zile dambeli za sponji, kwa maana niliona karibu kila mtu anazo.

Mkufunzi Mstaafu

Umechagua vizuri, na kule kuwapanga kwa vimo kunanitosha kumjua mama huyo. Ngazi pana zenye reli nazo ni hoja kubwa kwa mwenye goti. Ngazi ya chuma ya kusimama wima humtaka mtu apande kwa goti moja lililokunjwa sana huku uzito ukirudi.

Fika dakika 20 kabla. Mweleze mkufunzi mambo matatu kwa sentensi fupi: goti lipi, daktari alisema nini, na kwamba huogelei. Mwombe akuonyeshe sakafu inapoanza kuteremka, maana mabwawa mengi hushuka taratibu halafu ghafla, na maji usiyoyafika hujui wingi wake. Simama mahali ambapo maji yanakufika chini kidogo ya kifua, karibu na ukuta, mstari wa pili au wa tatu: mbele yako uwe na mtu wa kumtazama, na kando yako uwe na cha kushika.

Kabla muziki haujaanza, mwombe akufundishe kusimama tena baada ya kupoteza mizani, kwa kuwa kwa asiyeogelea hilo lina thamani kuliko zoezi lolote la siku hiyo. Ukiangukia tumbo, silika itakuambia unyanyue kichwa kwanza, na ukifanya hivyo miguu itapanda juu zaidi. Badala yake vuta magoti yote mawili kuelekea kifuani, sukuma viganja chini kwa nguvu mbele yako, miguu itashuka yenyewe chini ya mwili. Ikigusa sakafu ndipo unyanyue kichwa. Ukiangukia mgongo, leta kidevu kifuani, vuta magoti, na mikono iyachote maji kutoka nyuma kuja mbele. Yafanye yote mawili mkufunzi akiwa karibu nawe, mpaka mwili uyajue bila kufikiri.

Darasa lenyewe kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi 60. Mtatembea mbele, nyuma na kwa ubavu, mtakimbia mahali pamoja, mtafungua na kufunga miguu, mtarusha mguu mbele huku mkono wa upande wa pili ukienda nao. Kurudi nyuma ndiko kutakakokushangaza kwa ugumu wake. Mkiambiwa mgeuke kwenda upande mwingine, maji mliyoyasukuma bado yanakwenda upande wa kwanza, na kuyapinga ni zoezi tosha. Usiharakishe, kaza tumbo na ukanyage kwa unyayo wote.

Dambeli za sponji waachie wenzako kwa wiki za mwanzo. Hazina uzito, zinataka kupanda juu, kwa hiyo kazi iko katika kuzizamisha, na anayezishika chini huku mabega yamepandishwa masikioni hutoka na shingo inayouma. Pia humfanya mgeni aziegemee kama maboya, na hilo kwa asiyeogelea ni usalama wa uongo. Mikono mitupu iliyofunguliwa vizuri inatosha kabisa.

Weka chupa ya maji ya kunywa ukingoni na uitumie, kwani unatoka jasho hata usipoliona. Wakati wa kutoka, usikimbilie. Lile shinikizo la maji lililokuwa likisukuma damu kwenda moyoni linaondoka kwa ghafla na uzito wako wote unarudi. Simama kwenye ngazi ya kati, shika reli, subiri kizunguzungu kama kipo kipite, kisha umalizie.

Goti Bovu (mleta mada)

Ahsante sana, Mwalimu, na ahsanteni nyote. Swali la mwisho: wananishauri nilipe miezi 3 mara moja kwa kuwa inapunguza gharama. Na nitegemee nini kwa goti lenyewe?

Mkufunzi Mstaafu

Lipia kipindi kimoja kimoja kwanza, au kadi ya vipindi vichache, mpaka ujue goti linasema nini siku inayofuata. Usome pia masharti ya kurudishiwa fedha bwawa likifungwa kwa matengenezo, jambo ambalo hutokea, na uulize kama nafasi huwekwa mapema au ni kwa anayewahi.

Kwa goti, usitarajie muujiza. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 13 zenye washiriki 1,190, wengi wao wakiwa na uchakavu wa maungio ya magoti na nyonga, yaliona nafuu ndogo ya maumivu na ya ugumu wa kufanya shughuli kwa muda mfupi baada ya mazoezi ya majini. Ndogo, lakini ipo, na juu yake unapata pumzi na nguvu za miguu ambazo barabara imekunyima.

Kipimo cha kila kipindi ni hiki: kama saa 2 baada ya kutoka majini goti linauma kuliko lilivyokuwa kabla ya kuingia, umefanya kupita kiasi. Kipindi kinachofuata acha miruko, sogea mahali penye kina zaidi kidogo ili maji yakubebe, upunguze kasi ya mguu huo, na umwambie mkufunzi mapema ili asikuhimize. Likiendelea kuvimba au kuwa la moto, rudi kwa daktari wako kabla ya kurudi bwawani.